Mbele Ngumu, Nyuma Laini

Nilikuwa chini ya pikapu, mgongo kwenye boksi, nikasikia sauti. Nikaganda na spana mkononi. Jamani, ile sauti! Miaka minne nililala nayo kitanda kimoja.

"Fundi, nimeambiwa hapa ndio mnajua springi na shokapu. Gari yangu ikikata kona inalala kama imelewa. Nataka ngumu. Ngumu haswa! Ila nyuma anakaa mama, mgongo wake mbovu, naye asiumie."

Nikajivuta nje taratibu. Mtalaka wangu akanywea. Ndiye huyu aliyesimama mbele ya ukoo mzima akasema amenirudisha kwetu kwa sababu nanuka grisi. Wakacheka. Shangazi yangu alilia, mimi wala. Nilikuwa nasubiri siku yake.

"Kumbe wewe! Bado unalala chini ya magari?"

"Bado. Na wewe bado unaropoka?"

Mama mkwe akashusha kioo. "Mkwe wangu! Tusaidie, mwenzio nimechoka kurushwarushwa."

Akili ikachemka. Nikifunga ngumu kote, jamaa atakoma, lakini mama wa watu nitamuua. Nikifunga laini kote, jamaa ataondoka anachekelea. Thubutu!

"Mbele ngumu, kona itulie. Nyuma laini, mama alale. Sawa?"

"Sawa, sawa," akajibu haraka. Hata hakujiuliza mbele anakaa nani!

Shokapu nilizomfungia zina kirungu, unakizungusha tu kukaza au kulegeza. Za nyuma nikalegeza. Za mbele nikakaza hadi alama ya mwisho inayoruhusiwa. Sitaki kuua mtu mimi, nataka atikisike.

Tukaenda kuijaribu, mimi nyuma na mama mkwe. Kona ya kwanza, gari imetulia tuli. Kisha mashimo. Nyuma, godoro. Mbele, tung! tung! Kichwa cha jamaa kinadonoa kama kuku.

"Le-le-legeza hii!"

"Ulisema ngumu haswa."

"Mama, mwambie!"

"Asiguse!" mama akafoka. "Mwaka mzima leo ndio mgongo umetulia. Kesho kliniki, keshokutwa kwa dada yako, na utanipeleka hivi hivi!"

Nikauma mkono wa ovaroli nisicheke.

Jamaa akanishusha getini pa gereji bila kunitazama, akaondoka kwa hasira. Tuta la kwanza tu, mkono ukamruka ukagonga honi. Piiii! Mtaa mzima ukageuka kumwangalia. Nikampungia.