Kugonga Mianzi kwa Simu

Mama Mianzi alikuwa mjane, na katika kilimo cha mianzi hakuna aliyefua dafu mbele yake. Miaka thelathini alikuwa nacho. Mianzi yake ilishika ukingo wa mto usimomonyoke, majani yalishibisha mbuzi, machipukizi yaliingia sufuriani, na mafundi walitoka mbali kufuata miti ya ngazi na vitanda. Ukiukata mwanzi kabla haujatimiza miaka mitatu, wadudu huugeuza unga. Yeye aliugonga kwa mgongo wa panga tu akajua: mwanzi mchanga hulia kama umefumbwa mdomo, uliokomaa hutoa sauti kavu.

Sasa mtu huyohuyo, kila Jumamosi, alimpigia simu mwanawe, fundi wa lifti mjini, akajifanya hajui kitu.

"Masikio yangu yamezeeka, mwanangu. Hebu nisikilizie huu." Akasogeza simu, akagonga.

"Huo bado, mama."

"Na huu?"

"Huo kata."

Aligonga ishirini, thelathini, mingine mara mbili, maana katikati yake ndimo yalimopita maneno: umekula, mvua huko vipi, wajukuu hawajambo? Mianzi ikiisha, na mazungumzo yaliisha. Ulikuwa uongo, tena wa mtu mzima, lakini hakuwa na kingine cha kungojea wiki nzima.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwana alimhurumia mama yake, akamtuma bwana shamba. Huyo alikuja na kopo la rangi, akauandika kila mwanzi mwaka wake, siku mbili kutwa, kazi ambayo mama angeimaliza amefumba macho. Mama alimwandalia chai, akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi aliketi kizingitini, akalia.

Jumamosi akapiga.

"Kuna uliosahaulika?" mwana akauliza.

"Hakuna. Yote imeandikwa."

"Basi umepumzika sasa, mama. Hutahangaika tena."

Mama akaona liwalo na liwe.

"Mianzi haijanishinda hata siku moja, mwanangu. Nani alikufundisha kuigonga? Kilichonishinda ni kukaa humu ndani peke yangu."

Upande wa pili nyundo zilikuwa zikigonga chuma, na mtu alikuwa akimwita fundi.

"Nitakupigia, mama," mwana akasema.

Hakusema lini, na mama hakuthubutu kuuliza.