Tone la Rangi ya Kola

Mate ya mtu mwingine yanachukiza popote yalipo, lakini yakiwa juu ya jani la mkakao, ndani ya maabara, mbele ya watu wenye akili zao, yanachukiza mara mbili. Mimi niliyaona tangu upepo mkavu wa harmatani ulipoanza Desemba, nikanyamaza. Naanza na hilo maana sitaki nionekane msafi.

Dakta Amponsem, mkuu wa kituo chetu cha miche, hutafuna kokwa za kola kutwa nzima. Meno yake yana rangi ya matofali, na pembeni mwa mdomo hujikusanya povu la rangi hiyohiyo. Hulifuta kwa kidole, kisha kidole kilekile kinashika kila kitu: kalamu yangu, daftari langu, bega langu. Nilikuwa nikifika nyumbani naiosha kalamu kwa sabuni.

Kazi yetu ilikuwa kupima kiu ya mmea. Unakata jani, unalifungia ndani ya chungu kizito cha chuma, kikonyo peke yake kikichungulia nje kwenye tundu la mpira. Unaingiza gesi polepole huku macho yako yako kwenye kikonyo. Maji yakijitokeza pale palipokatwa, unasoma mshale wa kipimo cha gesi. Yakitoka mapema, mmea umeshiba. Ukilazimika kuongeza gesi na kuongeza, mmea una kiu mbaya. Na pale palipokatwa haparuhusiwi kuguswa. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza.

Alhamisi moja ya Machi wakaja wajumbe watatu wa wakulima, wakiongozwa na Wofa Kusi, kaka wa mama yangu, aliyenilea. Walitaka kujionea mche namba saba wa Dakta, unaosifiwa kwamba haujali ukame. Wofa alikuwa ameshapatana na wakata miti: Jumamosi wangeangusha mikakao yake yote ya zamani, ekari nne, apande namba saba.

"Haya Serwaa, waoneshe wazee," Dakta alisema, kola shavuni.

Nikafunga jani, nikafungua gesi. Mshale ukafika kumi, kikonyo kikavu. Kumi na mbili, kikavu.

"Si tone hilo limetoka?" Dakta akasema.

"Bado, Dakta."

"Wewe una macho au una matundu? Hebu sogea huko! Kimeingia vumbi, tunaanza upya."

Akaitoa gesi yote, akainama, mgongo kwa wageni. Mimi nilikuwa ubavuni pake. Akalamba kidole, akakipitisha juu ya kikonyo. Uzi wa mate ukavutika kutoka mdomoni hadi kidoleni, ukakatika. Akafungua gesi, na kwenye nane tu tone likawa linang'aa pale juu.

"Nane! Mnaona wazee wangu? Jua lote hili, na mti umeshiba kama mgeni wa harusi!"

Wakapiga makofi.

"Andika nane," akaniambia.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nikamtazama Wofa, naye alikuwa akitabasamu vilevile kama siku niliyofaulu mtihani. Sikuweza. Nikachukua karatasi nyeupe ya kufutia, nikaikandamiza juu ya kikonyo, nikaiweka mbele yake. Ilikuwa na doa la rangi ya matofali.

Wofa akaiinua, akainusa. Yeye mwenyewe ni mtafunaji wa kola tangu ujanani.

"Dakta," akauliza taratibu, "mkakao umeanza lini kutafuna kola?"

"Aa, mzee wangu, huo ni utomvu! Mti huu ni wa aina yake."

"Kama ni utomvu, lamba."

Dakta akacheka peke yake. Wofa hakumngoja amalize.

"Serwaa, rudia. Na asiguse mtu."

Nikakata jani jingine la mche uleule. Gesi ikapanda hadi ishirini na tatu ndipo kijitone kilipotokea, cheupe, safi kama chozi. Hakuna aliyepiga makofi. Dakta alishatoka, tulimsikia akitema mate nje ya dirisha, mara mbili.

"Njia ya mwongo ni fupi," mjumbe mmoja akasema.

"Ekari nne," Wofa akasema. "Kesho kutwa."

Nikangoja anishukuru. Naapa, nilingoja kweli. Badala yake akalivuta daftari langu, akafunua nyuma. Desemba, nane. Januari, nane. Februari, saba. Akaweka kidole juu ya ile saba.

"Mwandiko huu naujua," akasema. "Niliufundisha mimi, kwa chaki, kwenye meza yangu."

Akakiondoa kidole kwenye ukurasa, akakifuta kwenye nguo yake.