Kipofu Aliyeponywa kwa Mara Mbili

Yesu aliponyesha kipofu moja kwa mara mbili, na miaka yote niko naketi ku benchi ya kanisa, sijasikia pasta mwenye kuhubiri juu ya ile mara ya kwanza. Naona inabapatisha haya. Mais iko mu Biblia, Marko, sura ya nane, na hakuna mutu aliifuta.

Mimi ni Orpa; batu wananiita Koko, juu niko na bajukuu. Baba yangu alifungua Biblia, akaweka kidole, akaangukia jina ya ule mukamwana wa Naomi mwenye kurudia njiani. Mimi sikurudia. Niko mu kanisa yetu ya Mususa, hapa Butembo, tangu ilikuwa na nyasi juu mpaka sasa iko na mabati na bafle mbili za kupasua masikio.

Kazi yangu ilikuwa kuchagua maharagi. Batu ba depot walikuwa wananiletea mifuko, natosha mawe na zenye kuoza, narudisha safi. Kisha cataracte ikaingia mu macho. Ilianza sawa moshi ya jikoni, nikamugombeza mukamwana wangu kama anawasha kuni mubichi. Miaka ine ikapita, mukamwana akahama, moshi ikabakia. Siku moja mutu wa depot akakuja na kitu mukononi.

«Koko, hii ni nini?»

«Haragi.»

«Ni jiwe, Koko. Na hii ingine ni jino yangu.»

Tangu ile siku, hakuna mufuko tena. Nilikuwa naketi ku mulango, nasalimia batu kwa viatu: nasikia tu hatua, natupa jina, mara napata, mara nakosa.

Basi mwaka huu, mwezi wa nane, kukatangazwa kama baganga ba macho batakuja Beni kwa juma moja tu. Kila kanisa ikapewa jeton tano. Hapana jeton, hapana operation. Mama Victoire, diakonesi wetu, mwenye roho ya haki na sauti ya adjudant wa jeshi, alipigisha kura mbele ya batu bote, na mimi nikapata namba ine. Niliifunga ku ncha ya kikwembe ya kiunoni, fundo tatu. Gari ilikuwa ya kuondoka siku ya kwanza ya kazi, saa kumi na mbili ya asubui.

Mais mbele ya siku ya kwanza kunapita siku ya Mungu, yenye ibada.

Pasta Josaphat ni mutu muzuri. Naandika vile juu hii atasomewa. Mais ile siku ya Mungu roho ilimupanda juu sana. Akatuita mbele, sisi batano benye jeton.

«Bapendwa! Kama Mungu anaweza kubaponyesha hapa, leo, juu ya nini mutakula vumbi ya barabara ya Beni? Kesho baganga batangoja macho yenu na hawatakuta hata moja! Tutabapatisha haya!»

Amina ikatoka sawa radi. Kisha akasema: kila mutu akiisha kuombewa, atie jeton yake mu kitunga ya sadaka, iwe alama ya imani. Mwenye kubakia nayo, ni sawa anamuambia Mungu: nakuamini, mais niache nipitie pembeni kwanza.

Nikashika ncha ya kikwembe.

Wa kwanza alikuwa Papa Stanislas, fundi wa kutengeneza radio, mwenye kufungua sasa radio za batu kwa kupapasa tu. Pasta akamuombea, akauliza mu micro:

«Papa, unaona?»

«Naona, Pasta!»

«Unaona nini?»

«Utukufu!»

Batu wakapiga mikono. Muzee alijua kuchagua: utukufu hauna rangi, nani atamuambia alikosea? Jeton ikaanguka mu kitunga. Akarudi kuketi, na akaketi juu ya magoti ya Mama Kavira wa chorale, akaomba benchi musamaha. Chorale ikapandisha wimbo juu haraka.

Wa pili akaona utukufu. Wa tatu pia. Utukufu ilikuwa mingi ile siku.

Ikakuwa zamu yangu. Pasta akaweka mukono juu ya paji yangu. Anakuwaka na tabia ya kusukuma kidogo, na batu wanaanguka kwa heshima. Mimi nilibeba mifuko ya maharagi kwa mugongo miaka makumi tatu. Nilikaza tu miguu, yeye ndiye aliyumba.

Mais nisiseme uongo. Nilitaka. Wakati alikuwa anaomba, nilimuambia Mungu: fanya, nipate haya juu ya kucheka kwangu. Nilifunga macho na imani yote niko nayo, na nikayafungua polepole, sawa mutu anafunua sufuria ya wageni.

Moshi.

«Koko Orpa, unaona nini?»

Nilisikia Mama Victoire anatikisa jeton tatu mu kitunga. Kanisa yote ilikuwa inangoja utukufu.

«Naona batu, Pasta.»

«Amina!»

«Beko sawa miti. Miti inatembea.»

Mutu mumoja nyuma akacheka, wakamupiga kiwiko. Pasta akaondoa micro ku kinywa chake, akaniinamia.

«Koko, usifanye vile. Ile ni roho ya mashaka. Kiri kwa kinywa, macho itafuata.»

«Pasta, ni Marko, sura ya nane. Kipofu wa Betsaida. Yesu mwenyewe alimutemea mate, akamuwekea mikono, akamuuliza: unaona kitu? Na ule mutu akajibu vile. Miti. Yesu hakumuita mwenye mashaka. Hakumuambia akiri.»

«Mama Victoire,» Pasta akasema, «hebu tumusaidie Koko. Soma.»

Alifikiri nilichanganya. Mais Marko niliisoma mbele macho izibe, mpaka kurasa zikaanguka. Mama Victoire akaweka kitunga chini, akafungua, akasoma ile aya kwa sauti yake ya adjudant. Iko vile. Akasoma na yenye kufuata: Yesu akaweka mikono tena.

«Tena,» akarudilia, bila kuulizwa.

«Basi,» Pasta akasema, na jasho ilianza kumutoka, nilisikia anatafuta leso, «tutaweka mara ya pili.»

Akaweka. Nikafungua.

«Sasa?»

«Miti, Pasta. Ya kwako iko na tai ku shingo.»

Sasa kanisa ilishindwa. Walicheka mpaka batoto wa école du dimanche wakaingia kuangalia. Nikangoja wachoke.

«Pasta, mimi sikatai mukono ya pili. Mais naona iko Beni. Yesu angetaka uongo, ule mutu angemupa palepale, na angerudi kwake anasalimia migomba mpaka kufa.»

Kabla hajajibu, sauti ya Papa Stanislas ikatoka huko ku chorale, ndogo sawa ya mutoto:

«Pasta... na mimi ni miti. Tangu asubui, ni miti tupu.»

Wa pili akakohoa. Wa tatu akasema: «Mimi hata miti hapana.»

Kisha nikasikia mukono ya Pasta Josaphat ndani ya kitunga, inatafuta kati ya sadaka, na akashuka mwenyewe, akarudishia kila mumoja wa bale batatu jeton yake mukononi.

«Gari ni saa kumi na mbili,» akasema. «Musichelewe. Na Koko, siku ya Mungu yenye kukuja, wewe utaketi mbali na micro.»

Tulienda batano, tunaimba mpaka Beni. Wakanipasua jicho ya kuume kwanza, mu nyumba moja karibu na Mavivi, ku kiwanja ya ndege. Ndege ilikuwa inashuka juu yetu. Kesho yake muganga, Docteur Luc, akatosha bandaje.

Kitu ya kwanza niliona mu miaka ine ilikuwa uso wake. Kijana. Ndevu haijanyolewa. Macho nyekundu sawa pilipili. Usiku ile alipasua batu makumi ine, na inje ku mulango mustari ilikuwa inazunguka nyumba.

Nikainua mukono, nikauweka juu ya paji yake, na nikasukuma kidogo.

«Koko, unafanya nini?»

«Niko nakuombea.»

«Unaniombea nini?»

«Usingizi, mwana wangu.»

Hakusema amina. Alifunga macho, akaacha kichwa chake mu mukono yangu, kizito, mpaka infirmière akaita namba tano.