Gauni la Mwaridi

Mwaridi wa mama ulikuwa hautaki mtu. Maneno hayo si yangu, ni ya mama mwenyewe. "Huyu ukimbembeleza anadeka," alikuwa akisema, "ukimwacha anachanua." Basi tukauacha. Haukuwekewa mbolea wala kupigwa dawa, na maji ulikunywa ya mvua tu. Hata hivyo kila mwaka ulitoa maua ya pinki iliyopauka, mazito, petali zimebanana mpaka ua linainamisha kichwa. Harufu yake ulikutana nayo barabarani kabla hujaliona geti. Jirani yetu tunayemwita Mama Redio, kwa sababu habari zote huanzia kwake, alikuwa akitutania: "Nyumba yenu ya nini namba? Mgeni anafuata pua tu."

Kazi ilikuwa moja. Mwaridi wa kizamani hutambaza mizizi chini kwa chini, halafu chipukizi linatokea mbali na shina. Mama akiliona, alichimbua udongo kwa vidole, akalishika chini kabisa, akalinyofoa. Sikuwahi kumwona akilikata. Nilidhani ni mazoea yake tu.

Mama alifariki mvua zilipoanza. Nyumbani tukabaki wawili, mimi na baba. Baba ni fundi cherehani, anashona hapo hapo nyumbani barazani. Mama ndiye alikuwa mkono wake wa pili: vifungo, pindo, kila kinachotaka sindano ya mkono. Baada ya msiba kazi hiyo nikaishika mimi.

Wiki ya tano nikaona chipukizi kando ya bomba la uani. Lilikuwa mbali na mwaridi, lakini sikushangaa, mvua ilikuwa nyingi. Nikachukua jembe nikalikata, na mzizi wake nikaupiga vipande nikijua nimemaliza. Baada ya siku kumi likatokea lingine mlangoni kwa jikoni. Nikakatakata tena. Mengine yakaja kwenye jiwe la kufulia, kisha chini ya kamba ya nguo.

Mama Redio alinikuta nimeshika jembe, akapiga makofi ya mshangao.

"We mwanangu! Mzizi wa huyu ukiukata vipande vitano umepanda miche mitano. Mama yako hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Basi umemkaribisha mwenyewe," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama kwenye kamba, natazama nyuma. Bomba, mlango wa jikoni, jiwe la kufulia, kamba. Kila asubuhi mama alianza kwa kuchota maji bombani. Akaingia jikoni. Akafua, akaanika. Machipukizi yalikuwa yamefuata mpangilio ule ule, bila kuruka hata kituo kimoja. Na baada ya kuanika, saa tisa alasiri, mama alikuwa akienda kuketi barazani kwa baba.

Siku hiyo nilisogeza kigoda chake nikakitazama vizuri. Chini yake saruji ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Chipukizi lilitokea hapo siku ya nne. Jekundu, jembamba, ncha imetoboa saruji kama sindano inavyotoboa kitambaa. Nilikwenda mbio kuchukua kitambaa cha kushikia miiba. Niliporudi, baba alikuwa amekwisha kukiondoa kigoda kulipisha.

"Liache," akasema.

"Baba, litapasua baraza."

"Baraza nilijenga mimi. Liache lipasue."

Ndani ya wiki mbili lilimfikia baba begani. Mimi ni mtu wa kutazama, na nilitazama kutoka mlango wa jikoni. Asubuhi lilikuwa mti tu kama miti mingine. Saa tisa, baba akianza kukanyaga pedali, ule mlio wa taka-taka-taka ukiingia, majani yalikuwa yakigeuka. Upepo haukuwepo. Nguo kwenye kamba zimetulia tuli, lakini tawi linainama pole pole kuelekea kwenye cherehani, kama mtu anayetega sikio. Baba akiacha, nalo linaacha. Na harufu ilikuwa ikija hapo hapo, hata kabla ua halijafunguka.

Baba akaanza kuacha chakula. Kwanza nusu sahani, kisha vijiko viwili. Mkanda aliutoboa tundu jipya, tena jingine. Nikimuuliza, ananiambia, "Nimeshiba, mama." Hivyo ndivyo anavyoniita akitaka nisiendelee.

Halafu akatoa kitambaa. Kilikuwa cha bluu, mama alikinunua mwenyewe akakiweka kabatini akisema siku moja atashonewa. Baba akakitandaza, akavaa tepu shingoni, akauendea mwaridi wa barazani. Akaupima. Nasema kweli, akapima tawi kama anavyompima mteja: akazungusha tepu katikati ya majani, akasoma, akaandika kwa chaki.

"Amepungua kiuno," akaniambia. "Ila mabega ni yale yale."

"Baba, unamshonea nani?"

Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Mwenye kitambaa. Gauni likiisha ananichukua. Tumekwisha kuelewana."

"Mmeelewana lini?"

"Saa tisa," akasema. "Wewe unakuwa jikoni."

Kesho yake baba akiwa bafuni nilifanya kama mama alivyokuwa akifanya. Nilichimbua ufa kwa vidole, nikalishika chipukizi chini kabisa, nikavuta. Lilikuja kidogo, upana wa kidole. Nikakaza. Ndipo kitu kikavuta upande wa pili. Hakikuwa na nguvu za kutisha. Kilivuta kwa upole na kwa uhakika, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto mkasi. Nikaachia. Viganja vilikuwa vimejaa miiba, lakini damu haikutoka hata tone.

Nikampigia simu dada yangu mkubwa. Yeye ni muuguzi, anakaa mbali. Ya mwaridi sikumwambia, nilimwambia baba hali chakula. Alifika siku ya pili na teksi, akamshika baba mkono, akamfunua macho, akanigeukia kwa ukali: "Mdogo wangu, ulikuwa unangoja nini? Mtu amekwisha namna hii!"

"Nilikuwa natazama," nikasema.

"Unatazama! Kutazama ndiyo dawa?"

Baba alikataa kuondoka. Dada alitumia kila njia, mpaka ya wajukuu. "Sare zao zote zimechanika, baba, na mafundi wa kule wanashona kama wanafunga magunia."

Baba akatabasamu kidogo. "Gauni kwanza. Limebaki pindo."

Nikamtazama, tawi likiwa begani kwake. Nilijua nikisema nitakalosema sitaweza kulirudisha. "Nitalimalizia mimi, baba. Pindo si kazi yangu siku zote?"

Akanishika kidole cha kati, akanivalisha kastabini yake ya shaba, ile ya kuzuia sindano isichome. "Pindo la mama yako usiliharakishe," akasema. Akakubali kuingia kwenye teksi. Ukitaka kujua alivyokuwa mwepesi, dada alimbeba peke yake.

Nilifunga geti nikidhani yamekwisha.

Asubuhi nilikuta chipukizi jipya katika njia ya kwenda getini, hatua mbili kutoka barazani. Siku ya pili yake lingine, hatua nne. Siku ya tatu lilikuwa limefika kwenye nguzo ya geti lenyewe, na ncha imeelekea barabarani, upande ule teksi ilikokwenda. Huko hakukuwa na kituo chochote cha mama. Mama hakuwa na kazi barabarani. Alikuwa anamtafuta mtu wake.

Nilisimama pale getini nimeshika kiuno. Mama Redio akapita na ndoo yake.

"Lo, huu mwaridi wenu sasa unasafiri!"

"Unatembea tu," nikajibu.

"Ungekuwa wangu ningeumwagia mafuta ya taa."

Nilifikiria. Nilifikiria pia vile vipande nilivyokata kwa jembe, vilivyo chini huko ambako sivioni. Nikarudi barazani. Saa tisa ilikuwa inakaribia. Nikakaa kwenye kiti cha baba. Nikaweka gauni la bluu chini ya sindano, upande wa pindo, na ingawa pindo hushonwa kwa mkono, nikakanyaga pedali, maana mlio ndio unaouita.

Taka-taka-taka.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha nikasikia mchakacho kutoka getini, majani yakisuguana na majani, kituo kwa kituo, ukija. Tawi la barazani likageuka. Likainama. Likasimama karibu na shingo yangu, harufu ikanijaa mpaka machozi yakanitoka. Sikutazama nyuma. Macho yangu yalikuwa kwenye gauni, na nikaona pindo linakwenda, mshono kwa mshono, zuri, limenyooka. Lilibaki shibiri tatu. Mbili na nusu.

Nikainua mguu. Majani yakatulia, yakangoja. Nikachukua mkasi, nikakata uzi, nikautoa wote kwenye sindano, bobini nayo, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nikaitoa nikaiweka mfukoni. Nikakanyaga tena. Sindano ikapanda ikashuka, ikatoboa kitambaa bila kuacha chochote. Mlio ulikuwa ule ule. Tawi likasogea, likaridhika.

Asubuhi iliyofuata chipukizi la getini lilikuwa limenyauka.

Sasa huu ni mwezi wa tatu nafanya hivyo. Saa moja kabla ya saa tisa naacha kazi zote, naoga, nakaa. Wateja wamezoea, wanaleta suruali zao asubuhi. Dada huwa ananipigia saa tisa hiyo hiyo, mchana ukiwa umepoa, nami naweka simu kwenye meza ya cherehani ili nisisimamishe mguu.

"Baba amenenepa," alisema jana. "Amekula sahani mbili, amegombana na wajukuu, yaani raha tupu. Na wewe unakuja lini kututembelea? Funga nyumba, uje hata siku mbili."

"Kazi nyingi, dada."

"Kazi gani, mlio naousikia ni huo huo kila siku! Ngoja, baba anaomba simu."

Sauti yake ilikuwa na nguvu, sauti ya mtu aliyeshiba kweli. Hakunisalimu.

"Gauni limefikia wapi?"

Mwiba mmoja uligusa ngozi nyuma ya sikio langu, haukuchoma.

"Bado pindo, baba," nikasema, nikaongeza mwendo wa pedali.