Kiti cha Mnyapara

Alibamiza pasi ya mvuke juu ya shuka nyingine ya hoteli. Joto la chumba kile cha kupigia pasi halisemeki, na kiti kilikuwa kimoja tu, cha mnyapara. Wengine wote walisimama kutwa nzima, awe mgonjwa, awe mzee, awe mjamzito kama yeye, miguu imevimba mpaka kandambili zinambana.

Wifi yake alipopewa unyapara, yeye alifurahi kupita mwenyewe. Si walikuwa wakisimama meza moja? Si wifi huyuhuyu aliyekuwa akimsengenya mnyapara wa zamani kwamba hana utu hata chembe? Nyumbani wifi bado alikuwa akimkanda miguu. Hapa kazini ameketi, amekunja nne, anakagua kucha zake.

"Wifi, naomba nikae kidogo tu. Kiuno kinakatika."

"Humu ndani niite mnyapara. Nikikuachia wewe, kesho wote watanipanda kichwani."

"Umesahau ulivyoanguka hapahapa kwa kusimama?"

"Nilianguka, nikainuka, nikapiga kazi. Ndiyo maana leo nimekaa."

Na ubaya ni kwamba alilisema kwa moyo wake wote.

Meneja akaingia. Mnyapara akaruka kama aliyekalia sindano, akakipangusa kiti kwa aproni yake. Meneja hakukaa. Alitua mkoba wake pale kitini, akamtupia jicho mjamzito.

"Huyu vipi, mbona kajikunja?"

"Uvivu tu, bosi. Anadeka."

Meneja akaenda kuangalia mashine za kufulia, mkoba ukabaki umekaa.

Anadeka! Na juzi tu wifi huyohuyo ndiye aliyemsindikiza kliniki, akamsikia mkunga akisema apumzike. Akazima pasi, akauondoa ule mkoba, akauweka sakafuni, kisha akakaa.

"Wewe! Unataka nifukuzwe?"

"Atufukuze sote. Huyu humu tumboni ni damu ya kaka yako."

Wifi akaja mbio, akainama mbele yake, na mjamzito akanyoosha mkono ashikwe.

Kumbe mwenzake alikuwa anauokota mkoba. Akaupangusa vumbi taratibu kwa kiganja, upande huu na upande ule, akaukumbatia kifuani, akasimama nao hivyohivyo kumsubiri mwenyewe arudi.