Siku ya Kupimwa Macho

Mume wangu Duane aliegesha nyumba yetu mbele ya ofisi ya leseni saa tatu kasorobo asubuhi, nayo ikala nafasi nane za magari. Nasema nyumba kwa sababu hatuna nyingine. Ni tela la futi thelathini na mbili linalovutwa na pikapu, na ndani yake mna kitanda, jiko, choo na wazee wawili. Mama mmoja aliyekuwa akizunguka kutafuta nafasi alitupigia honi ndefu, akatoa mkono dirishani na kutuonyesha kidole cha kati. Duane akampungia.

"Watu wa hapa wachangamfu kweli," akasema.

"Amekutukana, mzee."

"Wacha wee! Kanisalimia."

Sikubishana naye. Kwa jinsi macho yake yalivyofikia, matusi na salamu vilikuwa kitu kimoja.

Miaka mitano iliyopita tuliuza nyumba yetu ya Minnesota, tukaja kwenye mji huu mdogo wa Dakota Kusini, tukalala kambini usiku mmoja, tukaonyesha risiti ya kambi, na kwa risiti hiyo tukawa wakazi. Kuishi hapa, hatujaishi. Anwani yetu ni kisanduku cha barua dukani kwa mtu. Maelfu ya watu wanaoishi kwenye matela kama sisi wamefanya hivyo hivyo, na sharti lao ni moja: leseni ikiisha, unarudi mwenyewe, unalala usiku mmoja, unaleta risiti, na unachungulia kwenye mashine ya macho. Sisi tulizichukua siku moja, kwa hiyo zinaisha siku moja. Na tulikuja na nyumba nzima mgongoni kwa sababu Duane alilipia usiku mmoja tu. Ratiba ilitaka jioni ile tuwe tumeshakaribia Montana.

Ee Mungu, ratiba ile! Kambi nzuri zinafungua nafasi miezi sita kabla, saa mbili kamili asubuhi, na saa mbili na dakika moja zimekwisha. Basi Duane anakaa mbele ya kompyuta kidole kikiwa juu, na mimi siruhusiwi hata kukohoa. Akifanikiwa anarukaruka hadi tela linayumba. Mwezi wa Mei mimi nilikuwa najua nitalala wapi tarehe kumi na sita Novemba: nafasi ya arobaini na moja, kando ya shimo la kumwagia vyoo. Binti yetu Kirsten ana chumba cha chini kule Mankato, kina dirisha na beseni la kuogea, na kila Krismasi anasema, "Mama, njooni mkae." Nilipomfikishia Duane maneno hayo, alifungua daftari lake akapekua. "Tutapita Agosti," akasema. "Siku tatu."

Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kuamka asubuhi nijue choo kiko upande gani. Nilitaka kupanda nyanya nizione zikiiva. Nilitaka kugombana na mume wangu halafu niende chumba kingine, maana kwenye tela ukinuna unanuna mkiwa mmegusana magoti. Nilimwambia mara nyingi, kwa upole na kwa ukali, naye alinibusu kipaji cha uso akasema ni uchovu wa safari, nikalale.

Kisha, Februari, kule Arizona, alikwaruza ubavu mzima wa tela kwenye nguzo ya kituo cha mafuta. Akasema ni jua. Baada ya hapo akaanza kuniuliza, kama mzaha: "Bi mkubwa, kile kibao kinasemaje?" Nikamsomea vibao vya Arizona yote, na Utah, na Wyoming, moyo uko mdomoni. Sikupiga kelele. Niliwaza kitu kimoja tu: Dakota Kusini, mashine ya macho. Niliomba mume wangu aanguke mtihani. Haya, nimesema. Nilikuwa nikiomba hivyo kila usiku nimelala ukutani, naye upande wa nje amenizibia njia.

Ndani ya ofisi tulikaa kwenye viti vya plastiki. Duane alikunja na kukunjua risiti ya kambi. Halafu akaniinamia.

"Arlys. Lazima nikwambie kitu, usinikasirikie. Macho yangu si mazuri."

"Usiniambie!"

"Kweli. Nadhani leo hawatanipa." Macho yakamlengalenga, nami roho ikaniuma, licha ya yote. Nikamshika mkono. Nikawa nayatafuta maneno ya Mankato, namna ya kuyasema taratibu, huku moyoni napiga vigelegele.

"Lakini usiwe na wasiwasi," akasema, na uso wake ukachanua. Akatoa daftari. "Nimeshapanga upya kila kitu. Utaendesha wewe! Nilijua utaogopa, kwa hiyo nimepunguza mwendo hadi maili mia na hamsini kwa siku. Tunaweka nafasi za kuingia moja kwa moja, usihangaike kurudi nyuma. Na kwa mwendo huo, mama, hatuna haja ya kusimama kabisa. Nimetupangia miaka miwili ijayo. Hata Alaska imo!"

Niliangalia kurasa zile. Aliziandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mtoto, ili aweze kuzisoma. Juu ya kila ukurasa ameandika DEREVA: ARLYS. Maskini, alikuwa amejitahidi.

"Na Kirsten?" nikauliza.

"Agosti. Nimeiongeza. Siku nne."

Wakaita jina lake. Karani alikuwa mwanamke mnene mpole, jina lake Twyla, miwani yake inaning'inia kwenye uzi wa shanga. Alimwambia Duane aweke paji la uso kwenye mashine asome mstari wa tano. Duane akasogeza kichwa huku na huku.

"Mstari upo wapi?" akauliza.

"Upo mbele yako, baba."

"Basi uambie usogee kidogo," akasema Duane, na watu kwenye viti wakacheka. Yeye pia alicheka. Akajaribu jicho la kulia, akajaribu la kushoto, akabahatisha herufi tatu, zote uongo. Twyla akaandika kwenye karatasi taratibu, akamwambia leseni imesimamishwa mpaka daktari wa macho ajaze fomu.

"Hakuna neno," Duane akamwambia. "Ninaye dereva. Msichana huyu ana macho ya kipanga. Juzi kanisomea kibao sijui kiko kaunti gani." Akanisukuma mbele, mkono wake mgongoni kwangu.

Nikaweka paji la uso kwenye mashine. Mstari wa tano ulikuwa mweusi, safi, kila herufi imesimama peke yake. Ningeweza kuusoma nikiwa mlangoni. Nikafikiria Novemba kando ya shimo la vyoo, na Novemba nyingine baada ya hiyo, mimi nikiwa nyuma ya usukani na yeye pembeni na daftari lake. Miaka mitano mingine. Ningekuwa na miaka sabini na mmoja.

"Haya, mama, mstari wa tano," akasema Twyla.

"Hapo kuna... O," nikasema. Ilikuwa K.

"Endelea."

"O tena. Halafu sijui. Kuna kama wingu."

Nilisikia Duane akivuta pumzi nyuma yangu.

"Usiwe na haraka, mpenzi," akasema Twyla. "Wengine huwa na wasiwasi tu. Jaribu jicho moja moja."

Nikajaribu jicho moja moja, nikadanganya kwa kulia na kwa kushoto. Twyla akanitazama usoni kwa muda. Sijui alijua au hakujua. Kisha akachukua fomu ya pili, ya daktari, akaiweka juu ya ya kwanza.

Tuliingia kwenye tela, pale pale kwenye maegesho, maana hapakuwa tena na mtu wa kulitoa. Duane akaketi kitandani, akafunika uso, akalia kwa sauti. Kwa miaka arobaini na minne sikuwahi kumwona akilia hivyo.

"Nimekuendesha nchi nzima nikikuuliza vibao," akasema. "Kumbe na wewe huoni! Ulikuwa unabahatisha ili nisiogope. Mbona hukuniambia, Arlys? Mimi ni mtu gani, mke wangu anapofuka ubavuni kwangu na mimi napanga Alaska?"

"Duane, sikiliza..."

"Hapana. Usinitetee." Akachukua daftari la ratiba, akalitupa kwenye pipa la takataka chini ya sinki. Kisha akampigia Kirsten simu. Nilimsikia: "Mama yako, mwanangu. Macho. Ndiyo, yote mawili. Mimi? Mimi si kitu, achana na mimi. Njoo na mumeo mtuchukue. Tunakuja kukaa." Kirsten aliangua kilio hadi nikakisikia mimi niliyesimama kando ya jiko. Duane alininyooshea simu. Nilimwambia binti yangu asilie, kwamba macho hayaniumi.

Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, na nilitamani ardhi ipasuke.

Duane akachemsha kahawa kwa kupapasa, akamwaga nyingine kwenye meza. Kikombe changu alinitilia mkononi, akanikunja vidole mwenyewe kimoja kimoja. Kisha akanigeuza uso kuelekea dirishani.

"Niambie ukweli sasa," akasema. "Nje unaona nini?"

Niliona ofisi ng'ambo ya maegesho, na Twyla nyuma ya kioo chake akifuta miwani kwa pindo la sweta, na shanga za uzi wake, za bluu na nyekundu, ningeweza kuzihesabu.

"Ukungu," nikasema.

Akanikumbatia kwa nguvu. Akaniambia nisiogope, kwamba tangu leo atakuwa ananishika mkono kila ninapokwenda, na hataniacha peke yangu hata dakika moja.