Nyota ya Banda la Kuku

Aleksi, mwenyekiti wa kigango chetu hapa Ulyankulu, alitoa sumaku mfukoni kabla hata hajaketi. Aliigusisha kwenye ncha ya nyota yangu ya Noeli, ikanasa.

"Advera, sumaku imeshika. Itaota kutu kama ya baba yako. Haipandi juu ya pango."

Baba alikuwa ameketi mlangoni, akasikia. Mwaka jana nyota aliyoitengeneza yeye ilipata kutu kwenye mvua, maji mekundu yakamchirizikia Mtoto Yesu usoni pale pangoni. Watu walimcheka mpaka akaacha kusali. Hii niliitengeneza ili arudi, na Aleksi akiikataa, baba harudi tena. Namjua.

Hasira zilinipanda, lakini hofu ilizidi. Stenlesi, yale mabati ya kuzuia kutu, yana gredi nyingi, na mafundi wa huku tunachagua kwa sumaku: ikikataa, bati ni zuri, ikishika, tupa. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo.

"Bati umelitoa wapi?" akaniuliza.

Sikutaka kusema mbele ya mgeni. "Juu ya banda la kuku, baba."

"Lile la tangi la maziwa? Nililolikataa?"

"Ndilo. Limenyeshewa masika yote, kuku wamelinyea, na halina hata doa."

Nilimpa Aleksi kipande bapa kilichobaki. Sumaku iliteleza, ikaanguka. Nikakiweka juu ya chuma, nikakipiga nyundo kwa uchungu wa mwaka mzima hadi kikapinda.

"Jaribu tena, mzee."

Sumaku ikashika pale pale kwenye mkunjo. Aleksi akaibandua, akairudisha, ikashika tena.

"Kumbe ni nyundo inayoifanya ishike, si ubaya wa bati," alisema.

Baba alinyoosha mkono, akakichukua kile kipande, akaupapasa mkunjo.

"Lilikuja limekunjwa," alisema hatimaye. "Nikalijaribu kwenye mkunjo. Nyota yangu nikaitengeneza kwa bati lingine, la gredi hafifu, kwa sababu sumaku ililikataa."

Roho iliniuma. Aleksi alitazama chini, wala hakuomba radhi.

Baba akainuka, akaikwapua nyota.

"Leta ngazi, Advera. Mwaka huu fundi mzee asiulizwe kitu, bati wamelichagua kuku."

Aleksi ndiye aliyecheka kwanza, akairudisha sumaku mfukoni. Baba alishatangulia njia ya kigangoni, nami nikamfuata na ngazi begani, machozi yakinitoka.